"Na leza" au "kwa leza"?

SWALI: Ninatafsiri kipeperushi cha matibabu ya meno. Niliandika, "Mifereji ya mizizi ya jino husafishwa na leza." Mhariri akafuta "na", akaweka "kwa". Je, nilikosea?

JIBU: Sarufi hukuivunja, lakini namuunga mkono mhariri. Baada ya kitenzi cha kutendwa, "na" humtaja mtenda na "kwa" hutaja chombo: jino husafishwa na daktari kwa leza. Kisu kikikuteleza jikoni utasema "nimekatwa na kisu", kana kwamba kimejiamulia. Aliyeshambuliwa amekatwa kwa kisu, maana nyuma ya kisu kuna mkono wa mtu. Nyuma ya leza pia upo.

Kwenye kauli ya kutenda mambo huharibika zaidi. "Daktari alisafisha mfereji na leza." Alisafisha vyote viwili?

Mimi lakini ningeandika "kwa msaada wa leza", na sababu imo katika kazi yenyewe. Daktari huondoa nyama laini ya ndani ya jino, hupanua mfereji kwa tupa nyembamba, kisha huujaza dawa ya maji, mara nyingi sodiamu haipokloraiti. Mwanga wa leza ya erbiamu, wenye mawimbi ya nanomita 2,940, hufyonzwa na maji kwa nguvu sana. Papo hapo vipovu vya mvuke huvimba na kupasuka, vikiisukuma dawa hadi kwenye vichochoro ambavyo tupa haifiki. (Hiyo "hufyonzwa na maji" ni sahihi: hapo maji ndiyo yanayotenda.) Kwa hiyo kinachoyeyusha mabaki ni dawa, na leza huichangamsha. "Husafishwa na leza" inaipa leza sifa isiyo yake.

Tahajia pia: ni "leza", si "laza" kama wengine wanavyoandika. Kulaza ni kazi ya wodini. Neno liko ngeli ya I-ZI, leza hii, leza hizi, "maleza" liache.

Kuhusu "mifereji ya mizizi", wingi huo unafaa kwa magego. Jino la mbele la juu kwa kawaida lina mzizi mmoja na mfereji mmoja, basi hapo andika "mfereji wa mzizi".