Nilitaka kusema jina lizikwe naye

Mhariri, wiki hii mmeuliza: mwimbaji akifariki, bendi iendelee kutumia jina lilelile? Kabla sijamaliza kulisoma swali nilishajibu: hapana. Nilikuwa namfikiria Stuart Adamson, mwimbaji na mpiga gitaa wa Big Country, bendi ya rock ya Dunfermline, Uskoti, aliyefariki Hawaii Desemba 2001 akiwa na miaka 43. Lakini kwangu mimi hoja si sauti yake. Ni magitaa.

Mwaka wangu wa kwanza Uskoti nilikuwa nafanya usafi wa maofisi usiku, na mzee mmoja wa Dunfermline ndiye aliyetuendesha. Garini alikuwa na kanda moja tu, The Crossing, albamu ya Big Country ya 1983. Siku moja nikamwambia hizo zumari zao zinaninyima usingizi wa njiani. Akaegesha pembeni, mvua inanyesha, akairudisha kanda nyuma. "Zumari ziko wapi, kijana? Hayo ni magitaa mawili. Wanayapitisha kwenye kifaa kinachopandisha noti, ndiyo maana sikio linadanganyika." Akawa anagonga usukani kwa vidole: mkono wa kulia ni Adamson, wa kushoto ni Bruce Watson, mpiga gitaa mwenzake. Mmoja anapanda, mwenzake anasubiri, halafu anamwitikia. Kipande kilekile mara nne, vioo vimejaa ukungu, kazini tukachelewa. Kisha akanigusia Steeltown, albamu iliyoshika namba 1 Uingereza mwaka 1984, inayowaimba Waskoti waliohamia Corby, mji wa Uingereza, kufuata kazi ya chuma, na kazi ikawaishia hukohuko. Kaka yake alikuwa mmoja wao. Hakuongeza neno, akawasha gari.

Kwa hiyo Mike Peters, mwimbaji wa bendi ya The Alarm, alipokuja kuimba mahali pa Adamson, miaka kama kumi baada ya msiba, niliumia kama ndugu wa marehemu. Sikwenda kuwaona.

Ila nikiandika haya naviona vile vidole. Mkono wa kushoto bado upo. Watson anapiga hadi leo, na mwanawe Jamie alishika gitaa pamoja naye. Nani amwambie aliache jina, wakati nusu ya mlio ule ni jasho lake? Basi, waendelee nalo, mradi Watson awepo jukwaani. Siku akiweka gitaa chini, na jina liwekwe. Na zile nyimbo za Steeltown, akiimba mwingine yeyote, mimi bado nitatoka nje.