Fizi Zangu na Kidonge cha Presha

Daktari aliponiandikia amlodipini, dawa ya presha, ya miligramu 10 kila siku, alinitahadharisha kwamba huenda miguu ikavimba, nami kila jioni kabla ya kulala nilikuwa nikibonyeza vifundo kuona kama vinabonyea. Kuhusu fizi hakuna aliyenitajia neno. Baada ya miezi michache, nyama iliyo kati ya meno ya mbele ilianza kututumka kama punje za mahindi, bila maumivu yoyote, kisha ikaanza kuyafunika meno yenyewe, hadi binti yangu akaniuliza kwa adabu, "Mama, meno yako mbona yamekuwa mafupi?"

Kosa langu lilikuwa kuuogopa mswaki. Kwa kuwa fizi zilitoka damu kila nilipozigusa, nilipiga mswaki juujuu tu, nikategemea kusukutua kwa maji ya chumvi na kula machungwa kwa wingi, nikidhani nimepungukiwa na vitamini. Kumbe nilikuwa nikiyalea matatizo mwenyewe, kwa sababu ukoga unaoachwa kwenye ufizi huleta uvimbe, ufizi wenye uvimbe huota zaidi mtu anapotumia dawa ya aina hii, na nyama ikishaota huacha mianya ambayo mswaki hauifikii, ukoga ukazidi kujikusanya humo.

Daktari wa meno wa kwanza alinisafisha, akanipa dawa ya kusukutua na kuniaga. Hakuniuliza natumia dawa gani, wala mimi sikumwambia, maana sikuona presha ina uhusiano gani na kinywa. Wa pili aliniuliza hilo kabla hata sijafungua mdomo, na nilipomwonyesha pakiti akatikisa kichwa. Alinieleza kwamba dawa za kundi hilo, ambazo hulegeza mishipa kwa kuzuia kalisi isiingie kwenye seli zake, huweza kwa baadhi ya watu kufanya nyuzi za ufizi zirundikane badala ya kuvunjwavunjwa kama kawaida. Kwamba nifedipini ndiyo inayojulikana zaidi kwa jambo hilo, ingawa amlodipini nayo imo. Na kwamba hali hiyohiyo huwapata baadhi ya wanaotumia fenitoini kwa ajili ya kifafa, au siklosporini baada ya kupandikizwa figo.

Nikamwambia basi dawa hiyo naitupa leo. Alinikataza kwa ukali ambao sikuutarajia: fizi zinatibika, lakini presha ikipanda ghafla kiharusi hakingoji miadi. Akaandika barua nimpelekee daktari wa presha, naye akanibadilishia, akanianzishia losatani na kunitaka nipime presha kila asubuhi na kuandika kwenye daftari kwa mwezi mzima. Nawasihi mnaosoma msiichukue hii kuwa maagizo yenu. Losatani, kwa mfano, haifai kabisa kwa mjamzito, na wapo watu ambao daktari huona ni bora wabaki na amlodipini ileile, au wapunguziwe kipimo, huku wakisafishwa ugaga, yaani ukoga ulioganda ukawa mgumu kwenye meno, mara kwa mara.

Fizi hazikurudi kwa wiki moja. Nilitolewa ugaga mara mbili, nikajifunza upya kupiga mswaki laini nikiulaza kwenye mpaka wa jino na ufizi, nikivumilia damu ya siku za mwanzo ambayo ilikoma yenyewe, na nikaanza kutumia uzi wa meno, kitu nilichokuwa nikikiona anasa. Mwezi wa tatu sehemu kubwa ilikuwa imenywea. Kipande kilichogoma juu ya meno mawili kilikatwa kwa sindano ya ganzi, na jioni ile nikanywa uji uliopoa.

Siku hizi kila pakiti ya dawa naipiga picha kwa simu, na daktari yeyote, hata wa macho, namwonyesha kabla hajauliza. Anayeanza dawa ya presha ni vyema apite kwa daktari wa meno mapema, asafishwe, kisha awe anajitazama kwenye kioo katika miezi mitatu ya mwanzo, hasa pale katikati ya meno ya mbele, ambapo kwangu ndipo palipoanzia.