Mama amenyong'onyea, mchezo wa makofi utamfaa?

SWALI: Tangu afiwe, mama yetu hana raha. Michezo ya muziki itamsaidia? Msomaji, Dunda, Bagamoyo.

JIBU: Poleni sana. Itampunguzia upweke, ingawa haiondoi msiba. Jioni kaeni duara, watu 4 hadi 6. Mmoja apige makofi 4 polepole, kwa mwendo wa saa ya ukutani. Wengine waitikie vilevile, kisha zamu ihamie kulia. Dakika 10 zatosha. Kinachoharibu zaidi ni kuharakisha mapigo: anayechelewa huona haya, akajitenga. Aliyekosea msimtoe, anzeni upya. Mama asipotaka kupiga, asikilize tu, msimlazimishe. Asipolala au kula vizuri kwa zaidi ya wiki 2, mpelekeni hospitali. Akitaja kujidhuru, siku hiyohiyo.