Tindikali Ikimrukia Mwanafunzi Jichoni

SWALI: Ndugu mhariri, mimi ni mwalimu wa kemia katika shule ya sekondari mkoani Tabora. Hivi karibuni mwanafunzi wangu alirukiwa na tindikali jichoni wakati wa mazoezi ya vitendo, na mwenzangu akashauri tumtilie maji ya magadi ili kuizimua. Je, alikuwa sahihi?

JIBU: Mwalimu, pole wewe na mwanafunzi wako. Magadi yasitiwe jichoni kamwe, kwa sababu magadi ni besi, yaani kemikali iliyo kinyume cha tindikali, na viwili hivyo vinapokutana hutoa joto, na joto hilo huongeza jeraha juu ya jeraha. Dawa ya kwanza ni maji safi, tena mengi. Mwinamishe kichwa upande, jicho lililoumia likiwa chini, utenganishe kope zake kwa vidole, kisha uyaache maji yatiririke taratibu kutoka pembe ya puani kuelekea nje, ili yasiingie katika jicho lililo zima, kwa muda wa dakika 20 bila kukatiza, hata kama mtoto atalia kwamba yametosha. Baada ya hapo apelekwe hospitali haraka, pamoja na jina la kemikali lililoandikwa kwenye karatasi.

Besi kali, kama sodiamu haidroksaidi, naihofia zaidi, kwani hupenya ndani ya jicho na huhitaji kuoshwa kwa muda mrefu zaidi.

Na kwa kuwa wakati wa kiangazi bomba huweza kukauka, nakuomba usianze zoezi lolote kabla ndoo yenye koki haijajazwa maji na kuwekwa karibu na meza.