Damu inapopita siku 15: sala, saumu na hospitali

Swali: Assalamu alaykum sheikh. Niko Arua. Hedhi yangu ilikuwa siku 7. Miezi miwili hii inafika siku 19, rangi ni ileile, ina mabonge, na pedi inajaa kwa saa moja. Je, niswali? Na Ramadhani?

Jibu: Waalaykumu salaam dada yangu. Siku 7 za mwanzo ni hedhi, zilizobaki ni istihadha, yaani damu isiyo ya hedhi, isiyozuia sala wala saumu. Katika madhehebu ya Shafi, tunayoyafuata wengi hapa Uganda, hedhi haizidi siku 15. Damu ikipita hapo na rangi isibadilike, unarudi kwenye ada yako, yaani zile siku 7 ulizozizoea. Mwezi wa kwanza hukukosea kungoja bila kuswali hadi siku ya 15, ila sala za siku ya 8 hadi ya 15 zilipe. Tangu mwezi wa pili hakuna kungoja: siku 7 zikiisha, oga, swali, funga. Ikitokea mwezi damu imekatika bila kupita siku 15, yote ni hedhi, na saumu ulizofunga humo utazilipa.

Udhu ndio unaowatatiza wengi. Wakati wa sala ukiingia, jioshe, weka pedi safi, jifunge vizuri, tawadha, uswali papo hapo. Damu ikipenya baada ya hapo, haidhuru. Lakini udhu wa adhuhuri hauswalii alasiri. Kila faradhi na udhu wake, sunna swali utakazo.

Mtume (s.a.w.) alimwambia Fatima bint Abi Hubaish, mwanamke aliyetokwa na damu bila kukoma, kuwa damu kama hiyo ni ya mshipa, si hedhi. Hadithi si kitabu cha udaktari, tusiilazimishe. Hata hivyo, madaktari nao wanatazama mishipa. Kila mwezi utando wa mji wa mimba huota mishipa midogo iliyojisokota. Homoni zikishuka, utando hubanduka, mishipa hujikaza, damu huganda, hukatika. Kuta za mishipa zikiwa dhaifu, au pakiwa na uvimbe wa fibroidi, damu haikatiki upesi. Ikizidi mililita 80 kwa hedhi moja, madini ya chuma huweza kupungua mwilini.

Omba upimwe ujauzito, wingi wa damu mwilini, na altrasaundi. Dawa ya tranexamiki asidi huzuia damu iliyoganda isiyeyuke mapema. Mwambie daktari kama umewahi kuganda damu mguuni. Daktari mwanamke asipopatikana, mwanamume anaruhusiwa kukutibu.

Ramadhani, daktari akisema saumu itakudhuru, kula, ulipe ukipona. Ila kwa pedi inayojaa kila saa, usiingojee Ramadhani wala kesho. Nenda leo.