Bei elekezi ikitangazwa, tafuta risiti kabla ya kutafuta sukari

Nina duka la rejareja hapa Igoma, Mwanza, mwaka wa kumi na nne sasa. Unga, mchele, sukari, mafuta ya kula, sabuni, vocha. Juzi mdogo wangu mmoja anayefungua duka lake Buhongwa alinipigia simu: "Dada, serikali ikitangaza bei elekezi na mimi nina mzigo niliochukua kwa bei ya juu, nafanyaje?" Tuliongea mpaka salio likaisha. Nilipokata nikaona heri niandike, maana jibu la swali hilo mimi nililinunua kwa hela yangu mwanzoni mwa 2024, na sipendi kuona mwingine analinunua tena.

Wengi mnaikumbuka ile hali. Mvua za El Niño zilikuwa zimeharibu uvunaji wa miwa. Miwa ipo shambani, magari hayaingii, viwanda vinazalisha kidogo au vimesimama. Sisi wa Mwanza tumezoea kupata sukari ya Kagera, ng'ambo ya ziwa tu hapo, lakini kila duka la jumla ukiingia unaambiwa mzigo hakuna. Bodi ya Sukari ikatangaza bei elekezi kuanzia tarehe 23 Januari: rejareja iwe kati ya shilingi 2,700 na 3,200 kwa kilo, kutegemea kanda. Redio ilitangaza, na kabla sijamaliza kupanga mikate wateja walishasimama dirishani na hiyo namba mdomoni.

Mimi ndani nilikuwa na mfuko wa kilo 50 niliouchukua kwa 185,000. Piga hesabu mwenyewe. Ni 3,700 kwa kilo, hapo sijalipa bajaji iliyouleta, sijanunua vifungashio, sijatoa ile inayomwagika wakati wa kupima. Nikauza 4,000. Sikuwa naficha, kila mtu mtaani alikuwa anauza hivyo na wengine zaidi.

Baada ya wiki mbili wakaja maofisa wawili. Hawakuja kwa fujo, naomba niseme ukweli. Mmoja alinunua nusu kilo kama mteja wa kawaida, akalipa elfu mbili, akapokea, ndipo akajitambulisha. Akauliza maswali matatu tu: umenunua wapi, kwa bei gani, risiti iko wapi. Nikafungua droo. Nilichokuwa nacho ni kipande cha karatasi kilichochanwa kwenye daftari, kimeandikwa kwa peni ya bluu "sukari mfuko 1, imelipwa." Hakina bei, hakina jina la duka, hakina tarehe. Yule ofisa alikigeuza nyuma na mbele akaniambia, "Mama, hii haisemi kitu." Na kweli haikuwa inasema kitu. Nikalipa faini iliyomeza faida yangu ya mwezi mzima.

Kosa langu la kwanza ndilo hilo, na ndilo ninalotaka mwenye duka yeyote alishike. Bei ya serikali inapokuja, inamkuta mtu wa mwisho kwenye mnyororo. Kiwanda kina mlango na mlinzi, mwenye jumla ana stoo na geti. Wewe una dirisha lililo wazi barabarani, na yeyote anaweza kuingiza mkono na kuuliza bei. Ukikosa karatasi ya kuonyesha kwamba ghali ilianzia juu, basi ghali imeanzia kwako.

Nikarudi kwa yule mwenye jumla kudai risiti yenye bei. Simtaji, bado yupo na ana watoto wanaosoma. Akanijibu bila kupepesa: "Risiti nitakuandikia, lakini nitaandika 2,800. Hela utanilipa 3,700 kama kawaida. Hutaki, nenda kwingine."

Ilinichukua muda kuelewa uzito wa maneno yale. Bei ya jumla nayo ilikuwa imepangwa, kwa hiyo kwa karatasi yake yeye yuko salama. Mimi nikitoka pale nina ushahidi, kwa mkono wangu mwenyewe, kwamba nimenunua kwa 2,800 na nauza 4,000. Yaani karatasi ile ilikuwa inanifanya mlanguzi. Ningekuwa na nafuu kubaki na kile kipande cha daftari! Wapo wenzangu waliozichukua risiti za namna hiyo na kuzibandika ukutani kwa furaha, wakidhani ni kinga.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Buhongwa, na wengine wote mnaofanya kazi hii: risiti yenye bei ya uongo usiipokee. Mwambie aandike alichopokea. Akikataa, lipa kwa simu, kwa Lipa Namba ya duka lake, si kwa noti. Ule ujumbe unaokuja una jina la biashara, tarehe, saa na kiasi kamili, na hakuna mtu anayeweza kukuandikia tofauti. Usiufute. Andika na kwenye daftari siku hiyohiyo: mfuko, kilo, bei, nauli ya bajaji. Akisema anataka noti peke yake na risiti ni ya 2,800, ondoka, hata kama sukari unaiona imepangwa mpaka darini.

Mimi niliondoka. Nikakaa wiki tano bila sukari dukani. Sitawaficha, iliuma, kwa sababu mtu anayekuja kununua sukari ananunua na majani ya chai, na kiberiti, na sabuni. Asipoikuta sukari anakwenda na vyote kwa jirani. Lakini faini ya pili ingenifungia duka kabisa. Ilipoanza kupatikana tena kwa bei ya kueleweka, wateja walirudi. Si wote, wengi wao.

Kuna mtego mwingine ulikuja katikati ya shida ile: "Ukitaka mifuko miwili ya sukari, chukua na katoni tano za biskuti." Bei ya sukari inaandikwa sawasawa kabisa, faida imehamia kwenye biskuti ambazo mtaa wako hauzili. Nilizikubali mara moja. Katoni mbili ziliisha muda wake kwenye shelfu. Ukipewa mzigo wa kulazimishwa, jumlisha hela yote uliyotoa, gawa kwa kilo za sukari, ndipo utajua sukari umeinunua bei gani.

Na tulikosea tena, safari hii kwa pamoja. Wenye maduka saba wa mtaa wetu tulikutana jioni kwa mwenzetu mmoja, tukataka kukubaliana wote tuuze bei moja, asiwepo wa kushusha. Nia ilikuwa kulindana. Kijana mmoja aliyesomea sheria, mtoto wa mwenzetu, akatusikia akatuambia tuache hapohapo: Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza washindani kupanga bei kwa makubaliano, na haijali kama ninyi ni wadogo au mnakaa kwenye mabenchi ya mbao. Tukatawanyika. Kama mna kikundi cha WhatsApp cha wenye maduka, pashaneni habari za mzigo uko wapi, nani anatoa risiti ya kweli. Habari ya "kesho wote tuuze kiasi fulani" iacheni.

Sasa niseme na wanunuzi, maana na mimi ni mnunuzi. Bei inapobanwa na mzigo ni mchache, hela inatafuta pa kupenya, na mara nyingi inapenya kwenye mizani. Huku kwetu watu wengi hawanunui kilo, wananunua robo. Kwa bei elekezi ya 3,200, robo ni mia nane. Ukaona mtu anauza robo kwa mia nane wakati mtaa mzima ni elfu moja, usikimbilie kushukuru. Omba aiweke mizanini. Nilifanya hivyo na pakiti niliyotumiwa na mtoto wa jirani, iliyokwisha kufungwa na kukazwa fundo vizuri: mshale ulisimama kwenye gramu 190. Robo ni gramu 250. Ukigawa, ile sukari ya mia nane ilikuwa inauzwa zaidi ya 4,200 kwa kilo, kuliko hata ile yangu iliyonipatia faini. Mizani ya biashara inatakiwa kukaguliwa na Wakala wa Vipimo kila mwaka na kuwekewa alama. Itafute hiyo alama kwa macho kabla ya kutafuta bei.

Mama yangu aliposikia habari ya faini alikaa kimya, halafu akasema, "Hayo tumeyaona." Nina umri wa kuyakumbuka kidogo. Tume ya Bei iliundwa mwaka 1973, na kufikia miaka ya themanini mwanzoni karibu kila kitu cha dukani kilikuwa na bei yake iliyopangwa, kuanzia sabuni mpaka jembe. Nilikuwa na miaka tisa ile 1983, mwaka wa vita dhidi ya wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Sokoine. Tulikuwa tunakaa Igogo. Alfajiri mama ananituma duka la ushirika kuweka jiwe letu kwenye foleni, kwa sababu foleni ilikuwa ya mawe: kila familia na jiwe lake, unalijua kwa umbo, unarudi nyumbani kunywa uji, unakuja kusimama karibu na jiwe lako duka likifunguliwa. Letu lilikuwa jeusi, limevunjika upande mmoja. Siku nyingi tulisimama mpaka saa sita tukaambiwa sabuni imekwisha, na jioni unaiona sabuni ileile inauzwa kwa siri mara tatu ya bei. Mama anasema hivi: bei ilikuwa ya serikali, lakini sabuni ilikuwa ya anayejuana na mwenye duka. Katikati ya miaka ya themanini bidhaa zikaanza kuachiwa kidogo kidogo, na ile foleni ya mawe ikafa yenyewe.

Sisemi hayo kupinga serikali kupanga bei. Wapo wanaoona kila upangaji wa bei ni makosa, mimi si mmoja wao, na sababu yangu ni mafuta ya petroli. Kaka yangu ana mtumbwi wa injini, anavua sangara upande wa Ukerewe, na mafuta ndiyo gharama yake kubwa kuliko zote. Tangu 2009 EWURA, ile mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, wanatoa bei kikomo za mafuta. Siku hizi inatoka kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, imepangwa mji kwa mji, na ya kwetu inakuwa juu kuliko ya Dar es Salaam kwa sababu ya safari ya lori. Ile inafanya kazi kwa sababu mafuta yanaagizwa nchini kwa pamoja, kila meli bei yake inajulikana, hesabu ya kutoka bandarini mpaka kwenye pampu iko wazi. Serikali inajua mzigo uliingia kwa shilingi ngapi. Kwenye sukari ya 2024 bei ilitangazwa, kilo hazikuongezeka. Zilipoongezeka, bei ilishuka.

Mwaka uleule Sheria ya Fedha iliipa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula nafasi ya kununua na kuhifadhi sukari ya kuziba pengo. Viwanda vililalamika, na nawaelewa. Lakini mimi mwenye dirisha Igoma naona ghala lenye sukari linanisaidia kuliko tangazo.

Tofautisha basi haya maneno mawili. Bei kikomo ya mafuta ni ukomo wa kisheria. Kituo kinaruhusiwa kuuza chini yake, hakiruhusiwi kuvuka hata shilingi moja, na kinatakiwa kuweka bango la bei linaloonekana. Bei elekezi ya bidhaa nyingine inakuja kwa tangazo, kwa muda fulani, kwa kanda fulani. Lisome lote. Lina tarehe ya kuanza, lina tarehe ya kuisha, lina kanda yako. Mwaka ule kuna wateja waliokuwa wananidai bei ya kanda ya Pwani, na mimi nilikuwa sijui hata cha kuwajibu.

Kwa mafuta, piga *152*00#, ni bure, uone bei ya mji wako kabla hujaenda na dumu. Kaka yangu aliwahi kuuziwa juu ya kikomo kwenye kituo kimoja, akaondoka bila stakabadhi kwa sababu alikuwa anawahi kutoka na upepo wa alfajiri. Alipotaka kulalamika hakuwa na chochote mkononi. Stakabadhi inatakiwa ionyeshe jina la kituo, tarehe, aina ya mafuta na bei kwa lita. Sasa anazitia kwenye mfuko wa nailoni na kuzifunga pamoja na leseni yake ya uvuvi, zisilowe.

Mimi zangu nimezitoboa na kuzitunga kwenye waya nyuma ya mlango wa duka, mwezi kwa mwezi. Maofisa wamekuja mara mbili tangu wakati ule. Mara ya pili yule wa kwanza alinitambua, akaomba waya ule, akasoma za sukari mbili tatu, akanirudishia, akanunua soda.