Maswali ya Wasomaji: Ndege Mvumaji Bustanini, Tangu Aprili Hadi Oktoba

Barua nyingi tulizopokea safari hii zimetoka kwa wasomaji wetu walioko Marekani, na karibu zote zinamhusu ndege mmoja mdogo ambaye hatukukua naye: ndege mvumaji, ambaye wenzetu wa Kongo wamezoea kumwita kolibri. Tumezijibu kwa kufuata mwendo wa majira, kisha tukaongeza barua mbili za wasomaji walio mbali na Marekani.

*Nilihamia Columbus, Ohio, miaka mitatu iliyopita. Mwaka jana nilinunua chupa nyekundu ya kulishia ndege wavumaji, nikaitundika mwanzoni mwa Juni katikati ya uwanja, penye jua kali. Shemeji yangu alinishauri nitie maji ya asali kwa kuwa asali ni kitu cha asili. Wiki mbili zikapita bila ndege hata mmoja, na chupa ikaota utando mweusi. Nilikosea wapi?*

Mama, tuanze na asali, kwa sababu hiyo ndiyo inayoweza kuua. Asali ikichanganywa na maji huchacha upesi na kuotesha ukungu unaomdhuru ndege, kwa hiyo uasili wake haumsaidii chochote. Kinachofaa ni kikombe kimoja cha sukari nyeupe ya kawaida kwa vikombe vinne vya maji, kipimo ambacho kinakaribiana na utamu wa maji ya maua anayoyanywa porini. Sukari guru, sukari ya kahawia na vikolezo vya utamu visivyo na sukari viache jikoni. Rangi nyekundu ya chakula nayo haina kazi, maana wekundu wa chupa yenyewe unatosha kumwita.

Utando mweusi ulikuwa ukungu, na jua kali ndilo lililouharakisha. Wakati wa joto maji hayo yabadilishwe kila baada ya siku mbili au tatu, hata kama hayajanywewa, na kila mara chupa isuguliwe kwa brashi na maji ya moto. Ukungu ukikaidi, tumia siki. Tundika chupa mahali penye kivuli cha mchana, ama karibu sana na dirisha, chini ya mita moja, ama mbali nalo kabisa, ili ndege anayeondoka kwa kasi asigonge kioo. Nitasema wazi jambo ambalo wauzaji wa chupa hawalisemi: mtu asiyekuwa na nafasi ya kuosha chupa mara mbili au tatu kwa wiki ni heri asiitundike, apande maua tu.

Kuhusu wakati, huko Ohio mvumaji mwenye koo jekundu, ambaye ndiye wa pekee anayezaliana mashariki mwa Marekani, hufika mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei. Madume hutangulia na majike hufuata baada ya siku kadhaa. Chupa ikiwa tayari katikati ya Aprili, msafiri wa kwanza aliyechoka ataiona wakati maua bado ni machache, na atakumbuka mahali hapo. Wewe uliitundika Juni, wakati majike wamelalia mayai na vichaka vimejaa maua, na huo ndio msimu ambao hata chupa za wenyeji huonekana kama zimesuswa. Vuta subira hadi Julai, makinda yatakapotoka viotani, ndipo wingi wao utakaporudi.

Maua yenyewe yapange yapokezane. Aquilegia canadensis huchanua mapema, wakati wale wa kwanza wanapowasili. Lonicera sempervirens hupanda juu ya uzio na kuendelea kwa muda mrefu. Monarda nyekundu hushika katikati ya kiangazi. Na Lobelia cardinalis, inayopenda udongo wenye unyevu, hufunga msimu kuanzia mwishoni mwa Julai hadi Septemba. Ukienda kwenye kitalu taja majina hayo ya kisayansi bila haya, kwa sababu ile Lonicera ya Kijapani inafanana nayo kwa jina na kuuzwa kwa wingi, ilhali inatambaa na kusonga mimea ya msituni. Usipulizie dawa ya wadudu. Ndege huyu haishi kwa sukari peke yake; hula mbu wadogo, visubi na buibui, na makinda yake hukua kwa vyakula hivyo.

*Kwangu ndege wamekuja, lakini dume mmoja amejitwalia chupa. Anakaa kwenye tawi kavu siku nzima na kuwafukuza wenzake wote, hata majike. Nimkomeshe vipi?*

Hutamkomesha, ndugu yangu. Katika nyumba za kupanga tunawajua wapangaji wa aina hiyo, wanaohodhi bomba la uani kana kwamba wamelichimba wenyewe. Porini ukali huo una maana, kwa sababu kichaka kimoja cha maua kina maji kidogo tu, na asiyekilinda hukuta vikombe vya maua vimekwisha kukaushwa. Kinachosaidia ni kutundika chupa ya pili upande wa pili wa nyumba, mahali ambapo hawezi kupaona kutoka tawini kwake. Chupa mbili zilizo pamoja atazilinda zote.

Ila usiharakishe kumchukia, maana mkao wake kwenye tawi moja unakupa nafasi nzuri ya kumtazama. Simama mahali ambapo jua liko nyuma yako, kisha uangalie koo lake: mara linaonekana jeusi kama mkaa, mara anageuza shingo na linawaka wekundu. Wekundu huo hautokani na rangi iliyomo manyoyani. Unatokana na jinsi manyoya yalivyoumbwa, yakiurudisha mwanga kwa pembe fulani tu. Jike hana koo hilo, naye ni mweupe kifuani.

*Watoto wangu wamegundua kiota chake kwenye mti wa jirani hapa Louisville, Kentucky. Ndege wakishaondoka, tunaweza kukichukua tukiweke sebuleni?*

Hapana, hata kikiwa kitupu. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1918 inayolinda ndege wanaohama inakataza kuwakamata, na kuchukua mayai au viota vyao bila kibali. Kiangalieni kwa darubini. Jike hukijenga peke yake kwa sufi za mimea, akazifunga kwa utando wa buibui na kupambia nje kwa kuvumwani, ule utando wa kijivu-kijani unaoota kwenye magome ya miti, mpaka kikafanana na kifundo cha tawi. Utando huo hunyumbuka, hivyo kiota hutanuka kadiri makinda yake mawili yanavyokua. Dume hashiriki katika kazi yoyote ya malezi.

*Mimi niko Houston, Texas. Mzee mmoja wa mtaani ananiambia nishushe chupa ifikapo mwisho wa Agosti, la sivyo ndege watazoea starehe, wasihame, na baridi iwaue. Nisije nikawa na dhambi.*

Huna dhambi, na mzee wetu, pamoja na heshima zote, amekosea. Kinachomwambia ndege huyu aondoke ni kupungua kwa urefu wa mchana, na huo chupa yako haiwezi kuurefusha. Madume wazima huanza kuelekea kusini mapema Agosti, wakati chakula bado ni tele. Majike na vijana wa mwaka huo hufuata, ndiyo maana Septemba utaona zaidi ndege wasiokuwa na koo jekundu.

Ukishusha chupa Agosti utakuwa umewanyima chakula katika majuma wanayokihitaji kupita wakati mwingine wowote. Siku za kawaida mvumaji huyu ana uzito wa gramu 3 hivi, ambao haufikii kijiko cha chai cha sukari. Kabla ya safari hunenepa mpaka uzito huo unakaribia mara mbili, na mafuta hayo ndiyo yanayomvusha Ghuba ya Meksiko, mwendo wa kilomita 800 na zaidi bila kutua, kwa muda wa saa 20 hivi. Wengine huzunguka kwa kufuata pwani, na wewe uko kwenye njia yao hasa. Wanaelekea Meksiko na nchi za Amerika ya Kati mpaka Panama. Shusha chupa majuma mawili baada ya kumwona wa mwisho, ili aliyechelewa kutoka kaskazini asikute mlango umefungwa.

Kwa Houston hata hivyo nisingeshusha kabisa. Kila mwaka wavumaji wachache wa jamii nyingine, hasa yule mwekundu-kahawia anayezaliana kaskazini-magharibi mwa Marekani na Kanada, hupitisha baridi kwenye pwani ya Ghuba. Usiku wa baridi ndege hawa huingia katika usingizi mzito unaoshusha joto la mwili na kupunguza sana mapigo ya moyo, na alfajiri huamka wakiwa na njaa kali. Ukiona dalili za barafu, ingiza chupa ndani usiku na uirudishe kabla hakujapambazuka.

*Nimemwona ndege mvumaji bustanini kwangu Leicester, Uingereza, mwezi Agosti, akinywa kwenye maua akiwa hewani. Mume wangu ananicheka.*

Dada, uliyemwona ni nondo anayeruka mchana, Macroglossum stellatarum, ambaye hutoka kusini mwa Ulaya na kufika Uingereza kila kiangazi. Huelea mbele ya ua na kutoa mvumo unaosikika, na amewadanganya wengi kabla yako. Akirudi, tafuta vipapasio viwili kichwani na mrija mrefu uliopinda. Mwambie mumeo, kwa kujitetea, kwamba ulichelewa tu: wavumaji sasa wako katika mabara ya Amerika peke yake, lakini mwaka 2004 yalitangazwa mabaki yao yaliyopatikana Ujerumani, ya miaka ipatayo milioni 30 iliyopita.

*Hapa Moshi tunaye ndege mdogo anayeng'aa, mwenye mdomo uliopinda, anayenyonya maua. Je, ni ndugu wa hao wa Marekani, na nimtundikie chupa?*

Huyo ni chozi, naye si ndugu yao. Kila mmoja aliifikia kazi hiyo kwa njia yake, mmoja Amerika, mwingine Afrika na Asia, na maua yakawafundisha wote wawili kuwa na mdomo mrefu na ulimi wa kunyonyea. Mvumaji hunywa akiwa angani na huweza kuruka kinyumenyume. Chozi kwa kawaida hutua. Viota vyao pia havifanani, kwa kuwa chozi hufuma mfuko unaoning'inia wenye mlango ubavuni, wakati mwingine barazani pa nyumba ya watu.

Chupa huihitaji, na hapo Moshi huna majira ya kumsubiri arudi kutoka ng'ambo. Mwachie shubiri zichanue, na mti wa mbaamwezi kama kiwanja kinautosha, wala usiwe mwepesi wa kukata ua la mgomba. Kaa mita chache kutoka kwenye mgomba unaochanua, asubuhi kabla jua halijawa kali, ukiwa umetulia. Utamwona akining'inia kwa miguu kwenye ua hilo la zambarau, kichwa chini, akipenyeza mdomo kwenye safu moja baada ya nyingine.